Jeshi la Akiba la Tanzania

Jeshi la Akiba la Tanzania, linalojulikana zaidi kwa jina la mgambo, ni sehemu ya ulinzi wa nchi inayoundwa na raia waliopata mafunzo ya kijeshi lakini wanaoendelea na kazi zao za kawaida mpaka waitwe. Mwanamgambo ni mkulima, mvuvi, fundi seremala, dereva au mwuza duka. Halali kambini wala halipwi mshahara wa askari. Anafundishwa na kusimamiwa na maofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), ambalo ndilo jeshi la kudumu.

Makala hii inahusu uhusiano wa makundi hayo mawili: namna raia mwenye mafunzo ya miezi michache anavyounganishwa na askari ambaye kazi yake ya kila siku ni uaskari. Tanzania imelijaribu jambo hilo vitani mara moja kwa kiwango kikubwa, katika Vita vya Kagera vya 1978-1979. Vita hivyo vilionyesha faida za utaratibu huo na pia mahali unapoweza kukatika.

Jina

Katika Kiswahili cha zamani, mgambo ni tangazo kwa watu wote. Mpiga mbiu alipita mitaani akipuliza pembe, kisha akatangaza neno la mtawala: kuna vita, kuna kodi, kuna mkutano. Ndiyo asili ya methali "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo". Jina hilo lilihamia kwa watu wanaoitikia mbiu yenyewe. Mtu mmoja huitwa mwanamgambo au mgambo tu. Mitaani wengi husema "migambo", hasa wakiwazungumzia wale wa halmashauri za miji.

Katika nyaraka za serikali majina "mgambo" na "jeshi la akiba" hutumika kwa karibu sana, na mara nyingi huandikwa pamoja: "mafunzo ya jeshi la akiba (mgambo)". Hata hivyo akiba kwa maana pana ni zaidi ya mgambo. Inaweza kuhusisha pia askari waliomaliza utumishi wao na vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Mgambo si sungusungu. Sungusungu ni ulinzi wa jadi ulioenea Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wizi wa ng'ombe. Ulianzishwa na wanavijiji wenyewe bila mkufunzi wa jeshi, na silaha zake zilikuwa pinde na mishale. Sheria ilikuja kuutambua baadaye.

Historia

Jeshi lililovunjwa

Mgambo hauwezi kueleweka bila kuanzia Januari 1964. Tanganyika ilipopata uhuru ilirithi jeshi dogo la kikoloni, Tanganyika Rifles, likiwa na batalioni mbili na maofisa wengi Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam (leo Lugalo), waliasi wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Siku iliyofuata maasi yalifika Tabora. Serikali ya Julius Nyerere ililazimika kuomba msaada wa Uingereza, na tarehe 25 Januari wanamaji wa Kiingereza wakawanyang'anya waasi silaha.

Jeshi hilo lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 ilianzishwa JWTZ, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya. Askari wapya walichukuliwa hasa kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na kutoka JKT, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Tangu hapo viongozi walishikilia wazo kwamba jeshi lisiwe tabaka la watu wenye bunduki waliojitenga na wananchi. Ndani ya jeshi kulikuwa na makamisaa wa siasa, askari waliruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, na baadaye jeshi lilihesabiwa ndani ya chama kama mkoa mmojawapo. Hali hiyo ilikoma nchi iliporudi kwenye mfumo wa vyama vingi mwaka 1992.

Kwa hiyo nchini Tanzania swali la kuunganisha raia na jeshi lilianza kama swali la siasa. Katika nchi nyingi akiba huundwa kwa sababu jeshi la kudumu ni dogo au ni ghali. Hapa kulikuwa na sababu ya ziada: jeshi la kudumu lilikuwa limewahi kuasi.

Mwongozo wa 1971

Matukio mawili yaliharakisha mambo. Tarehe 22 Novemba 1970 kikosi kilichoongozwa na Wareno kilivamia Conakry, mji mkuu wa Guinea, na wananchi wenye silaha walishiriki katika kukirudisha nyuma. Miezi miwili baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin aliipindua serikali ya Milton Obote nchini Uganda. Mfano wa kwanza ulionyesha kazi ya raia waliofunzwa. Wa pili ulionyesha linaloweza kutokea nchi ikitegemea jeshi peke yake.

Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo. Waraka huo hukumbukwa zaidi kwa maneno yake juu ya uongozi na wafanyakazi, lakini una sehemu nzima kuhusu ulinzi na usalama inayotaka wananchi wenyewe wafundishwe kujilinda, mijini na vijijini. Mafunzo ya mgambo yalienea haraka viwandani, katika mashirika ya umma, vyuoni na katika vijiji vya ujamaa. Katika mikoa ya kusini, ambako majeshi ya Wareno yalikuwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, jambo hilo halikuwa nadharia. Vivyo hivyo upande wa magharibi: mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalishambulia vijiji vya mpakani mkoani Kigoma.

Sheria ilifuata nyuma ya matendo, kama ilivyo kawaida. Mwaka 1975 Bunge lilipitisha sheria iliyowapa wanamgambo walio kazini uwezo wa kukamata watu kama ule wa polisi. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili sungusungu nao wapate uwezo wa namna hiyo. Hapa ndipo mgambo ulipoanza kuwa na sura mbili, ya askari wa akiba na ya msaidizi wa polisi.

Vita vya Kagera

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia mkoa wa Ziwa Magharibi (leo Kagera). Siku chache baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa, na Amin alikuwa ametangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera ni la Uganda. Raia wapatao 1,500 waliuawa katika eneo hilo.

JWTZ wakati huo lilikuwa na askari wasiozidi 40,000, wengi wao wakiwa mbali na mpaka huo. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwaagiza wakuu wa mikoa wakusanye watu na vyombo. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kusafirisha askari. Katika muda mfupi jeshi lilipanuka hadi kupita watu 150,000, wakiwemo wanamgambo wapatao 40,000 pamoja na polisi, askari magereza na vijana wa JKT.

Jeshi linalokua karibu mara nne katika wiki chache hubadilika umbile. Sajini aliyezoea kuongoza watu aliokaa nao kambini miaka mitatu anajikuta na kundi la wakulima wasiojua jina lake. Bunduki huenda zikatosha, lakini viongozi wadogo (makoplo, masajini na maluteni) hawatengenezwi kwa wiki sita. Ndiyo maana brigedi zilizoelekea Uganda zilichanganya askari wa kudumu na wanamgambo, ili wazoefu wawashike mkono wageni. Mchanganyiko haukuwa sawa katika kila brigedi, na tofauti hiyo ilikuja kuonekana.

Lukaya

Mwishoni mwa Februari 1979 JWTZ lilikuwa limeuteka mji wa Masaka. Njia ya kwenda Kampala ilipita Lukaya, takriban kilometa 40 mbele, na baada ya hapo barabara ilikuwa tuta refu lililopita katikati ya kinamasi. Kazi ya kushika Lukaya ilipewa Brigedi ya 201 chini ya Brigedia Imran Kombe, ikiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda walioongozwa na Luteni Kanali David Oyite-Ojok. Sehemu kubwa ya brigedi hiyo ilikuwa mgambo, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuona vita.

Tarehe 10 Machi kikosi cha Walibya wapatao 1,000, waliotumwa na Muammar Gaddafi kumsaidia Amin, kilishambulia pamoja na askari wa Uganda. Kilikuwa na vifaru vya T-55 na mitambo ya kurusha makombora ya Katyusha. Makombora mengi yalipita juu ya vichwa na kuanguka nyuma, lakini mlio wake ulitosha. Wanamgambo walivunja mistari na kukimbia. Kombe na maofisa wake walijaribu kuwapanga upya wakashindwa, na watu wakatawanyika kuelekea Masaka na kwenye kinamasi. Wengi wao walinusurika. (Walibya nao hawakuwa wote askari wa kudumu. Kati yao walikuwemo wanamgambo wa nchi yao, na hawakuchukua nafasi ya kusonga mbele hadi Masaka.)

Kilichofuata ndicho kinachofanya Lukaya kuwa mfano wa kufundishia. Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa, iliyokuwa imeshaenda kilometa zipatazo 60 kaskazini-magharibi, iliamriwa igeuke na kukata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Wakati huohuo Brigedi ya 201 ilikusanywa tena. Tarehe 11 Machi alfajiri brigedi hizo mbili zilishambulia pamoja, ya 208 kutoka nyuma na ya 201 kutoka mbele. Walibya na Waganda walishindwa, na Watanzania walihesabu maiti zaidi ya 400, wapatao 200 wakiwa Walibya.

Wanamgambo walioshambulia tarehe 11 walikuwa walewale waliokimbia tarehe 10. Walikuwa na bunduki zilezile, na mafunzo hayakuongezeka usiku mmoja. Kilichokuwa kimebadilika ni mambo mawili: walikuwa wamepangwa upya chini ya viongozi waliowaona kwa macho, na walijua kuna brigedi nyingine inayofanya kazi pamoja nao. Wanaosema mgambo ndio walioshinda vita vya Kagera wanaisahau siku ya kwanza. Wanaosema mgambo hawafai kwa vita wanaisahau siku ya pili.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili na vita vilikwisha Juni 1979. Askari wa Tanzania waliokufa walikuwa 373, na 96 kati yao waliuawa katika mapigano. Wengine walikufa kwa ajali na maradhi, jambo lililo la kawaida katika jeshi linalosafiri mbali kwa magari ya kukusanya.

Kurudi nyumbani

Kumwita mtu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumrudisha. Nchi ilitoka vitani ikiwa na hazina tupu. Gharama za vita kwa kawaida hukadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, na vita vilifuatwa na uhaba wa sukari, sabuni, mafuta na karibu kila kitu dukani. Wanamgambo wengi walirudi vijijini kwao. Walipokelewa kwa ngoma na sherehe, lakini shamba lililokaa msimu mzima bila mtu wa kulima lilikuwa limerudi pori. Majeshi ya Tanzania yaliendelea kuwepo Uganda hadi 1981.

Mafunzo na usimamizi leo

Kiungo kati ya JWTZ na mgambo ni mshauri wa mgambo, ambaye siku hizi huitwa pia mshauri wa jeshi la akiba. Huyu ni ofisa wa JWTZ anayepangiwa kazi mkoani au wilayani. Anafanya kazi karibu na mkuu wa wilaya, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, lakini yeye mwenyewe anabaki chini ya amri ya jeshi. Chini yake wako wakufunzi, baadhi wakiwa askari wa kudumu na wengine wanamgambo wenye uzoefu waliopandishwa vyeo vya mgambo.

Mafunzo ya awali kwa kawaida huchukua takriban miezi minne na hufanyika karibu na nyumbani: kiwanja cha shule, uwanja wa mpira, uwazi karibu na ofisi ya kata. Kuruta huja asubuhi na kurudi kwao, tofauti na JKT ambako kijana huhamia kambini. Masomo yanajumuisha kwata, utimamu wa mwili, matumizi ya silaha na kulenga shabaha, usomaji wa ramani, mbinu za kivita, ujanja wa porini, huduma ya kwanza na uraia. Maofisa wa polisi, zimamoto, uhamiaji na Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa huja kufundisha vipindi vyao. Mwishoni kuna gwaride la kufunga mafunzo, na mgeni rasmi mara nyingi huwa mkuu wa wilaya.

Kati ya wanaoanza na wanaohitimu daima kuna pengo. Risala za wahitimu hutaja sababu zilezile mwaka baada ya mwaka: utoro, maradhi, umbali na gharama. Mara nyingi kuruta au kijiji chake huchangia sare na buti. Mtu anayefanya kibarua ili ale jioni hawezi kutoa asubuhi zote za miezi minne bila mtu mwingine nyumbani kuzibeba.

Motisha kubwa ni cheti. Kampuni za ulinzi hupendelea kuajiri mtu aliyepitia mgambo au JKT, na halmashauri pia. Kwa hiyo wengi wanaojiunga wanatafuta kazi ya ulinzi mjini, jambo ambalo halina aibu yoyote. Ila lina athari kwa akiba yenyewe: mafunzo yanapokuwa mlango wa kutokea kijijini, kijiji hubaki na majina kwenye daftari na watu wachache wa kuitwa.

Mgambo wa miji

Wakazi wengi wa mijini humjua mgambo kama mtu anayefukuza wamachinga na kubeba bidhaa zao kwenye lori. Hao ni wanamgambo walioajiriwa na halmashauri kusimamia sheria ndogo. Hawako kwenye kazi ya kijeshi, na wanaowaamuru ni maofisa wa halmashauri. Malalamiko juu ya nguvu inayotumiwa yamekuwa mengi, na viongozi wa serikali wamewakemea hadharani mara kadhaa.

Jambo hili linahusu makala hii kwa sababu moja. Kwata hufundisha kutii amri na kumwona mtu aliye mbele kama adui. Kumwamuru muuza machungwa aondoke barabarani kunahitaji ujuzi mwingine kabisa, na muda wa kuufundisha ni mdogo.

Katiba

Ibara ya 147 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inakataza mtu au chombo chochote isipokuwa serikali kuunda jeshi la aina yoyote. Ibara hiyohiyo inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, na inataja majeshi yanayohusika: Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza na JKT, kwa askari wa masharti ya muda au ya kudumu. Mgambo wa kijijini hatajwi. Kwa upande mmoja hilo ni sawa, kwa kuwa huwezi kumnyima mkulima haki ya kuwa na chama kwa sababu alipiga kwata miezi minne. Kwa upande mwingine, mtu huyohuyo huweza kupangwa kulinda kituo cha kupigia kura.

Zanzibar ina vikosi vyake chini ya Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi, vikiwemo Jeshi la Kujenga Uchumi, Kikosi cha Valantia na KMKM. Hivyo si sehemu ya mgambo unaoelezwa hapa.

JKT na mujibu wa sheria

Njia ya pili ya kupata akiba ni JKT. Kuanzia miaka ya 1960 wahitimu wa elimu ya juu walitakiwa kulitumikia taifa kwa mujibu wa sheria. Mpango huo ulipotangazwa wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Oktoba 1966, na Nyerere akawafukuza karibu 400. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 1994 kwa sababu ya fedha na ukarejeshwa 2013 kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita. Kwa kuwa kijana wa JKT hulala kambini chini ya sajini wa JWTZ, anayajua maisha ya kijeshi zaidi ya mwanamgambo. Lakini akitoka hutawanyika, mmoja chuoni Mwanza, mwingine dukani Kariakoo, na hana mshauri wa wilaya anayemjua kwa sura.

Nchi nyingine

Uswisi karibu jeshi lote ni raia wanaoitwa kwa zamu, na askari wa kudumu ni wachache wa kuwafundisha. Israel hutegemea akiba kwa vita vyake vyote vikubwa. Marekani, baada ya Vietnam, iliamua kwamba vikosi vya akiba vipangwe katika mipango ileile ya vita na vile vya kudumu, ili nchi isiweze kwenda vitani bila kuwaita raia wake. Uingereza ilibadili mwaka 2014 jina la jeshi lake la raia ili lionekane kuwa sehemu ya jeshi moja.

Karibu na nyumbani hali ni tofauti. Uganda ilitumia vikosi vya wenyeji, kama Arrow Boys wa Teso na Amuka wa Lango, dhidi ya waasi wa Lord's Resistance Army mwaka 2003. Mwaka 2020 askari wake wa LDU walioletwa kulinda Kampala waliondolewa mitaani ili wafundishwe upya baada ya malalamiko ya raia. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo sheria ya mwaka 2023 iliunda jeshi la akiba, huku vikundi vya Wazalendo vya Kivu vikipigana upande wa serikali dhidi ya M23. Vikundi hivyo vilikuwa na makamanda wao kabla ya sheria. Hapo ugumu ni kinyume cha ule wa Lukaya: wazoefu wa vita wapo, lakini hawajazoea kupokea amri ya mtu mwingine.

Nyanda za juu za Kigoma

Buha, yaani Kasulu, Kibondo na maeneo jirani, ni mahali ambapo maswali haya yote hukutana. Mpaka na Burundi ni mrefu na unavukika kwa miguu. Wakimbizi wameingia kwa mawimbi tangu 1972, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ipo tangu 1996. Miaka ya 1990 na 2000 ujambazi wa kutumia bunduki ulikuwa mwingi hata mabasi ya barabara ya Kasulu na Kibondo yakasindikizwa na polisi wenye silaha. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na mahali hapo sasa ni kikosi cha JKT, 825 KJ. Upande wa Kakonko kuna 824 KJ Kanembwa.

Heru Juu, kata ya wilaya ya Kasulu, inabeba jina la Heru, mojawapo ya tawala za jadi za Waha pamoja na Muhambwe ya Kibondo na Buyungu ya Kakonko. Katika kata ya mlimani kama hiyo kalenda ya mafunzo huamuliwa na mvua. Mvua huanza karibu na Oktoba na kwenda hadi Aprili au Mei, na katika muda huo kila mkono uko kwenye mahindi, maharage na mihogo. Miezi minne inayobaki ni Juni hadi Septemba. Mafunzo yakichelewa kuanza hata mwezi mmoja, sehemu ya mwisho, yaani shabaha na mbinu za porini, huangukia wakati wa kupanda, na hapo ndipo kuruta hupungua.

Tatizo la pili ni la zamani kuliko mgambo. Tangu enzi za ukoloni Buha imetoa vibarua kwa sehemu nyingine za nchi. Waha walikuwa wengi kati ya manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Kijana aliyehitimu mgambo Heru Juu huenda msimu ujao akawa kwenye tumbaku Urambo au mlinzi wa usiku Dar es Salaam. Jina lake limo katika daftari la mshauri wa Kasulu. Akiitwa kesho, wa kumpata ni mama yake, mwenye namba yake ya simu.